Kubana Beringi za Difu ya Land Rover ya Zamani

Leo hatuzungumzi juu ya mbegu wala mbolea. Ni juu ya gari linalobeba mavuno yako, ile Land Rover Series III iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, ambayo bado inavuta.

Jirani yangu alifungiwa beringi mpya za difu msimu wa mahindi. Fundi akakaza nati ya pinioni, akaizungusha kwa mkono, akasema, "Imekaa sawa, mzee." Gari halikumaliza kilima cha pili. Tulipofungua, beringi zilikuwa za buluu kwa moto. Zilibanwa kupita kiasi. Mahindi yalinyeshewa njiani.

Pinioni ni gia ndogo inayozungusha ile kubwa, krauni. Inakaa kwenye beringi mbili zenye roli za mshazari. Gari likivuta mzigo, krauni huisukuma pinioni ijitenge nayo. Beringi zikilegea, pinioni hucheza, meno hukutana vibaya na kuvunjika. Ndiyo maana beringi hubanwa kidogo tangu mwanzo, kabla ya mzigo wowote.

Kidogo kiasi gani? Hapo mkono hudanganya. Tafuta mizani ndogo ya springi, ile ya kuning'iniza, na uzi imara. Funga pinioni peke yake, bila krauni na bila sili ya mafuta, maana sili nayo huzuia. Tia beringi oili, kaza nati mpaka kipimo cha kitabu, kisha zungusha mara nyingi ili roli zikae. Viringisha uzi kwenye flanji, vuta polepole, usome mizani wakati pinioni inazunguka, si pale inapoanza kuondoka. Zidisha kilo ulizosoma kwa nusu ya upana wa mviringo pale uzi ulipopita: kilo 2 kwa sentimita 5 ni kilo-sentimita 10. Linganisha na kitabu cha gari. Beringi zilizokwisha kutumika hutaka mkazo mdogo kuliko mpya.

Mkazo ukizidi, ongeza shimu, vile vibati vyembamba vya kati ya beringi, ukipungua, toa. Usirekebishe kwa kulegeza nati! Utafungua na kufunga mara tatu, nne. Fundi akinuna, mpe chai.

Safari ya kwanza nenda bila mzigo, kilomita chache tu. Simama, gusa difu kwa nje. Uvuguvugu si neno. Mkono ukishindwa kutulia pale, rudi nyumbani polepole, ufungue tena.