Jaji hajampa mtu hifadhi

Ndugu zangu, aliyenitangulia hapa amesema majaji wetu "wanagawa ukimbizi". Hebu tupunguze mwendo kidogo.

Mtu akinyimwa hifadhi Kenya, Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inampa siku 30 kukata rufaa kwa kamati. Akishindwa pale, kuna Mahakama Kuu. Na akiomba mapitio, jaji haulizi kama huyu mtu ni mkimbizi kweli ama la. Anauliza: alisikizwa? Alielewa alichoulizwa? Alipewa sababu kwa maandishi? Hicho ni Kifungu cha 47 cha Katiba, kile kile kinachokulinda wewe ukinyimwa leseni ya kibanda.

Niliwahi kumsindikiza mama mmoja kutoka Eastleigh na karatasi zake. Barua ya kumkataa ilikuwa sentensi mbili, ati maelezo yake hayaaminiki. Maelezo gani? Haikusema. Sasa utajitetea kwa lipi?

Kosa likipatikana, uamuzi unafutwa na faili inarudi kule kule ilikotoka. Anaweza kukataliwa tena, safari hii kwa sababu zilizoandikwa vizuri. Australia, wanakoiita viza ya ulinzi, ni vivyo hivyo; ila ukipitisha siku 35 kwanza umwombe jaji akuongezee muda.

Kwa hivyo mgombea akiwaambia korti imefungua mpaka, mwambieni asome amri yenyewe, ukurasa wa mwisho. Ya yule mama ilisema tu asikizwe upya. Bado anangoja tarehe.