Maumivu Yasimfunge Mgonjwa Kitandani



Mtu aliyebadilishiwa goti au nyonga hurudi nyumbani akiwa na maumivu ya kidonda na misuli. Haya ni ya kawaida, nayo hupungua kadiri wiki zinavyopita. Hatari ni pale yanapomfanya aogope kusogea. Goti lisilokunjwa na kunyooshwa hukakamaa, na damu inaweza kuganda katika mishipa ya mguu usiotembezwa. Ndiyo maana wagonjwa wengi husimamishwa siku ya upasuaji au siku inayofuata.

Kwa hivyo, kumeza dawa ya maumivu si udhaifu. Dawa ndiyo inayomwezesha mgonjwa kufanya mazoezi. Aimeze kwa saa alizoandikiwa, bila kungoja maumivu yazidi.

Parasetamoli kwa mtu mzima isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, na wengine huandikiwa pungufu. Dawa nyingi za mafua pia zina parasetamoli, na kuzichanganya kunaweza kuharibu ini. Ibuprofen na diclofenac zisinunuliwe bila kumuuliza daktari, hasa kwa mwenye shinikizo la damu, vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Dawa kali kama tramadol huleta usingizi na kufunga choo, na hazipatani na pombe.

Barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 15 hadi 20, hupunguza uvimbe. Aliyebadilishiwa goti asilale na mto chini ya goti, kwani goti litazoea kukunjika. Kidonda kisikandwe kwa maji moto, wala mguu uliovimba usichuliwe.

Jamaa wanaomwambia mama, "Lala tu, upumzike," wanampenda. Lakini msaada ulio bora ni kumwambia, "Mama, meza dawa, kisha twende polepole hadi mlangoni."

Tafu likivimba na kuuma, kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, mgonjwa apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Kifua kikiuma au pumzi ikikata, hiyo ni dharura: apelekwe mara moja, hata kama ni usiku wa manane.