Mkono si Mtu



Vita vya ndani vya Msumbiji vilivyoanza mwaka 1977 vilikoma kwa mkataba uliotiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Lakini mabomu yaliyokuwa yametegwa ardhini hayakujua mkataba. Yaliendelea kulemaza raia na askari, hata nchi hiyo ilipotangazwa mwaka 2015 kuwa imeyaondoa. Majeraha yakapona, swali likabaki: mtu asiye na mkono wa kushika kalamu atauzaje nyumba yake, au atampaje mwanawe idhini ya kumpokelea haki zake, ilhali kila hati inadai saini?

Sheria ya Madai ya Kireno ya mwaka 1966, ambayo Msumbiji iliendelea kuitumia baada ya uhuru, ina jibu. Asiyeweza kutia saini aweza kumwomba mwingine amtilie. Lakini ombi hilo ni lazima litolewe, au lithibitishwe, mbele ya mthibitishaji wa hati, baada ya mwenyewe kusomewa hati hiyo. Mkono ni wa kuazima, hiari haiazimwi.

Kwa jirani zetu wa Kenya, Sheria ya Urithi ya mwaka 1972, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yafuata njia hiyo hiyo. Mwenye wosia aweza kuweka alama tu, au mtu mwingine akamtilia saini kwa amri yake na mbele ya macho yake, mashahidi wasiopungua wawili wakishuhudia. Shahidi aliyeandikiwa fungu katika wosia huo hulipoteza, isipokuwa wapo mashahidi wengine wawili wasio na maslahi. Askari naye hakusahauliwa. Wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili huwa na nguvu endapo msemaji atafariki ndani ya miezi mitatu. Bali kwa askari aliye vitani, hata miezi hiyo ikipita, wosia husimama endapo atafariki katika muda ule ule wa utumishi.

Ndugu askari, haya yanawahusu. Ninyi ndio mnaoitwa kushuhudia hati hospitalini, kambini na kituoni. Kuna wajanja ambao hukishika kidole cha mgonjwa, wakakichovya katika wino na kukigandamiza kwenye karatasi asiyoijua. Hiyo si saini. Ni wizi uliovaa joho la sheria.

Basi kabla ya kuandika jina lako kama shahidi, jiulize: Je, mwenyewe yupo hapa? Amesomewa hati yote kwa lugha anayoielewa? Ametamka au ameashiria mwenyewe kwamba anakubali? Na huyu anayemtilia saini, ananufaika na nini? Jibu moja likikosekana, iweke kalamu chini.

Aliyepoteza mkono hakupoteza neno lake. Kazi yetu ni kulilinda.