Telefone Haiwezi Kubonyeza Muguu wa Mutoto

Wenye kunyonyesha wanyonyeshe tu, haituzuie kusemezana.

Leo tutasema juu ya telefone na chakula cha mutoto. Zamani, mama aliyekuwa na shida ya kulisha mutoto wake alipaswa kutembea mpaka hapa Mulungwishi, ao kungojea siku ya kupima watoto. Leo wengi kati yenu muko na telefone, ao jirani iko nayo. Mwezi wa 3 mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofika katika inchi yetu, watu walikatazwa kukusanyika, na wamama wengi waliogopa hospitali. Ndipo nilianza kufundisha mambo ya chakula kwa telefone. Korona ilipungua, lakini kazi ile haikuisha. Kwa sababu gani? Kwa sababu familia zinahama. Baba anaenda kuchimba upande wa Fungurume ao Kolwezi, mama anamufuata, na mutoto anapitisha miezi mitatu, mine, bila kupimwa.

Kila siku ya kazi tatu, magaribi, nakaa na telefone na daftari. Mama mmoja anaita toka machimbo, mwingine toka Likasi. Tunasema juu ya maziwa, uji, kuhara, na mutoto anayekataa kula. Ni kazi nzuri. Lakini iko na hatari moja, na hatari hiyo niliijua kwa kosa langu mwenyewe. Sikilizeni.

Mama mmoja alihamia machimboni na mume wake. Mutoto alikuwa na mwaka 1 na miezi 8. Alikuwa ameachishwa ziwa, kwani mama alikuwa na mimba ingine. Mama akanituma picha ya mutoto na maneno haya: "Mama, analia sana na hataki kula, lakini mashavu yanajaa." Nikaangalia picha. Kweli, mashavu yalikuwa mazuri, ya mviringo. Nikamujibu: "Usiogope. Umutilie karanga katika uji. Tutasemezana kazi tatu ingine."

Sikuomba kuona miguu. Sikuuliza mutoto alikula nini jana.

Siku nane zilipopita, bibi yake akamuleta. Nilimubonyeza miguu kwa kidole gumba, na shimo likabaki pale. Nywele zilikuwa zimekuwa nyekundu-nyekundu, ngozi ya mapaja ilianza kubanduka. Yale mashavu hayakuwa mafuta, bamama. Yalikuwa maji. Mutoto alilazwa, akatunzwa muda wa majuma mengi, akapona. Bibi hakunilaumu. Mimi ndiye nilijilaumu, kwani miaka mingi nimefundisha wauguzi ugonjwa huo, na ukanipita mbele ya macho katika kioo kidogo cha telefone.

Ugonjwa huo unaitwa kwashiorkor. Jina hilo liliandikwa na muganga mwanamuke, Cicely Williams, mwaka 1935. Alitumika katika inchi inayoitwa leo Ghana, na jina alilipata kwa wamama wa kule, katika luga yao ya Kiga. Maana yake ni ugonjwa wa mutoto aliyeondolewa ziwani wakati mwingine anakuja. Aliona kwamba watoto hao walilishwa mahindi tu. Sasa mufikiri bukari yetu. Bukari si mubaya, inatupa nguvu. Lakini bukari peke yake, na supu ya chumvi, haitoshi kujenga mwili wa mutoto.

Basi, kama unasemezana na muganga wa chakula kwa telefone, ujue jambo hili: yeye anaona tu kile unachomuonyesha. Mikono yako njo mikono yake. Kwa hiyo, mbele ya kupiga telefone, fanya mambo mane.

1. Bonyeza miguu. Weka kidole gumba juu ya muguu wa mutoto, ubonyeze polepole, uhesabu mpaka tatu, kisha uondoe. Fanya vile kwa miguu yote miwili. Kama shimo linabaki kwa miguu yote miwili, usipige telefone kwa kuuliza. Uchukue mutoto, uende hospitali.

2. Pima mukono. Utepe wa rangi tatu ni kwa mutoto wa miezi 6 mpaka miaka 5. Unauzungusha katikati ya mukono wa juu, kati ya bega na kiwiko. Usikaze, usilegeze. Kijani ni vizuri. Manjano, maana yake chini ya sentimita 12 na nusu, ni onyo: mulete mutoto kwa kliniki. Nyekundu, chini ya sentimita 11 na nusu, ni hatari kubwa: mulete leo. Lakini muangalie: mutoto mwenye kuvimba anaweza kuwa na mukono wa kijani. Njo maana miguu inatangulia. Tena musiseme kwamba kupima ni kazi ya wauguzi tu. Huko Niger wamama walifundishwa kutumia utepe huo, na utafiti uliotangazwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba walipima vizuri kama wahudumu wa afya. Ninyi pia mutaweza.

3. Kumbuka chakula cha jana. Toka asubui mpaka usiku: nini, mara ngapi, kiasi gani, nani alimulisha. Usiseme "anakula vizuri." Sema: "Asubui uji kikombe nusu, muchana bukari na sombe, magaribi bukari na chai." Hapana kuficha kwa sababu ya haya. Kama hakukuwa na kitu nyumbani, sema hivyo. Muganga wa chakula hawezi kusaidia sufuria asiyoijua. Akikuambia ununue nyama na wewe hauna franga, shauri lake halina kazi. Akijua uko na nini, atatafuta pamoja na wewe.

4. Mutoe mutoto inje, penye mwangaza. Kama munaonana kwa picha, muvue nguo. Onyesha miguu, tumbo, mapaja, matako na nywele, si uso tu. Uso ni kitu tunachopenda kuonyesha, lakini uso unaweza kudanganya. Picha ile ni ya muganga peke yake. Musiitume mahali pengine.

Sasa, maneno yale tunayofundisha kwa telefone ndiyo haya tunayofundisha hapa. Toka kuzaliwa mpaka miezi 6, ziwa la mama tu, bila maji, bila uji. Akifikisha miezi 6, anza chakula, lakini endelea kunyonyesha mpaka miaka 2 na zaidi. Mutoto wa miezi 6 mpaka 8 ale mara 2 ao 3 kwa siku. Kisha miezi 9, mara 3 ao 4. Uji usiwe maji: ukiinamisha kijiko, usitiririke upesi. Kila mara utie kitu cha kujenga mwili: karanga zilizosagwa, ao ndakala zilizokauka na kutwangwa, ao yayi, ao maharagi yaliyopondwa. Utie kijiko kidogo cha mafuta ya ngazi. Tia lengalenga ao matembele. Mupe chakula chake katika sahani yake mwenyewe, kwani katika sahani ya wote wakubwa wanakula mbio na mudogo anabaki na mikono mitupu.

Mama mmoja aliniuliza: "Kama mume anasema telefone ni ya kazi, inite zinaisha?" Nilimujibu: umuite baba naye asikie. Baba anayesikia juu ya yayi atakumbuka kununua yayi siku ya posho. Hata bibi aketi karibu, kwani mara nyingi njo yeye analisha mutoto wakati mama iko shambani.

Mwisho, musisahau siku ambazo telefone haina kazi. Mutoto anakataa kunyonya ao kunywa, anatapika kila kitu, anashikwa na degedege, analala tu na haamuki vizuri, miguu imevimba, utepe ni nyekundu. Siku hiyo musingojee kazi tatu, musingojee mutandao urudi. Mufunge kitenge, mubebe mutoto, mutoke. Njiani munaweza kupiga telefone, tuwangojee.

Mutoto yule ninayesema habari zake anasoma sasa. Anapopita hapa na bibi yake, mimi naangalia miguu yake kwanza, kisha uso. Bibi anacheka. Ninyi pia, mukifika nyumbani leo, mubonyeze miguu ya watoto wenu.

Sasa twende kwa mizani, mmoja mmoja.