Njia Salama za Kebo za Mtandao katika Majengo ya Umma



Siku hizi mgonjwa afikapo zahanati, aghalabu taarifa zake huandikwa kwenye kompyuta. Na mwananchi alipaye ushuru hupewa namba ya malipo kutoka mtandaoni. Huduma hizo hupita katika kebo nyembamba ambayo wengi huidhani haina madhara. Ni kweli kwamba umeme wake ni mdogo, lakini njia inayopitishiwa ndiyo iwezayo kuleta maafa.

Hatari ya kwanza ni nyaya za umeme wa volti 230. Kebo ya mtandao isifungwe pamoja nazo wala isipitishwe katika bomba lilelile. Ganda la waya wa umeme likichubuka, umeme waweza kuingia katika kebo ya mtandao na kumfikia ashikaye kifaa. Zikilazimika kukutana, zipishane kwa pembe mraba.

Hatari ya pili ni radi. Kebo ya shaba iliyovutwa angani kutoka jengo hadi jengo huweza kuleta nguvu ya radi hadi mezani, hata kama radi haikulipiga jengo lenyewe. Kati ya majengo yafaa kutumia kebo ya faiba isiyo na chuma ndani yake, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme. Hata hivyo, mtu asichungulie ncha yake: mwanga upitao humo hauonekani, nao waweza kudhuru jicho.

Ndani ya jengo, kebo ya shaba isizidi mita 100 kutoka swichi hadi kompyuta. Isikunjwe ghafla, isikazwe mno kwa vifungo, wala isilazwe sakafuni wapitapo watu. Nyaya zake 8 zimesokotwa kwa jozi 4. Wakati wa kufunga plagi, fundi asifungue msokoto zaidi ya milimita 13, na kwa kawaida ncha zote mbili zifuate mpangilio mmoja wa rangi. Kila ncha ibandikwe alama, ili isichomolewe kebo isiyohusika.

Mkazi aionapo kebo inaning'inia asiiguse, hata akiambiwa ni ya mtandao tu. Huenda imegusana na waya wa umeme. Awaondoe watoto mahali hapo, kisha atoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji au wa kata. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ukuta hujengwa upya, uhai haujengwi.