Je, Saratani Huizoea Dawa?



Zamani, kwenye korido ya wodi ya watoto, mama mmoja alinishika mkono. Mwanawe alikuwa na limfoma ya Burkitt, aina ya saratani. Baada ya dripu za kwanza uvimbe wa taya ulinywea, mtoto akaanza kutafuna muhogo, kisha uvimbe ukarudi. “Daktari, au ameshaizoea dawa?” Mimi ni mtu wa maabara, nilikuja kuchukua sampuli tu, ila ukivaa koti jeupe wote hukuita daktari. Nikatikisa kichwa, nikaenda zangu. Mhadhara huu ni jibu nililomnyima.

Ugonjwa huo tunaujua vizuri huku kwetu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, Kampala, aliueleza kwa maandishi mwaka 1958. Mwaka 1964, mjini London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona virusi ndani ya seli zilizooteshwa kutoka uvimbe wa namna hiyo uliotoka Uganda. Seli za saratani hii hugawanyika kwa kasi ya kutisha: idadi yaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ajabu ni kwamba kasi hiyohiyo huzifanya ziuawe kirahisi na dawa.

Kirahisi, lakini si zote. Nilipokuwa mwanafunzi nilipewa chupa ya seli za Burkitt, vijidonge vinavyoelea kwenye maji ya lishe ya rangi ya waridi, niziwekee vinkristini. Dawa hii hutoka kwenye lile ua la Madagaska ambalo wengi wenu mnalo uani. Kwa siku chache tu chupa ikawa makaburi. Nilibadilisha maji kwa mazoea, nikaisahau nyuma ya rafu ya inkubeta. Wiki ya nne nilikwenda kuitupa, nikakuta maji yamegeuka manjano. Manjano maana yake tindikali, na tindikali maana yake kuna anayekula humo.

Walionusurika walikuwa wametoka wapi? Jibu la mama ni kwamba walizoea. Jibu la maabara limesimama juu ya jaribio la mwaka 1943 la Salvador Luria na Max Delbrück, waliokuza bakteria kwenye mirija mingi, kisha wakawamiminia virusi vya kuwaua. Kama usugu ungezaliwa pale wanapokutana na adui, kila mrija ungetoa masugu karibu sawa. Haikuwa hivyo: mingi haikuwa nao kabisa au ilikuwa na wachache, na michache ilijaa tele. Masugu walikuwepo kabla ya virusi kufika.

Tupige hesabu. Uvimbe wa sentimeta moja ya ujazo una seli kama bilioni moja. Tuseme katika kila milioni moja, seli moja ina hitilafu ya jeni inayoikinga na dawa fulani: tayari sugu ni 1,000, na mgonjwa hajachomwa sindano hata moja. Ukitumia dawa mbili zisizofanana, seli yenye kinga zote mbili ni moja katika trilioni. Ndiyo mantiki ya dawa mseto, na aliyewahi kutibiwa kifua kikuu anaijua kwa idadi ya vidonge.

Hesabu hiyo ina tobo. Seli zangu za manjano nilizipandishia dozi polepole kwa miezi, kisha nikazijaribu na doksorubisini, dawa ambayo hazijapata kuiona. Hazikushtuka. Mwaka 1976 Rudolph Juliano na Victor Ling walikuwa wameeleza protini ya kwenye utando wa seli, P-glikoprotini, ambayo leo tunaijua kuwa ni pampu: hutema nje dawa za kila aina, ilimradi zinalingana na mdomo wake. Badiliko moja, dawa kadhaa zinapotea.

Basi tuizibe pampu! Verapamili, dawa ya presha, huiziba vizuri kwenye chupa, na nilishangilia nilipoona seli zangu zinakufa upya. Kwa wagonjwa, vizibo vya namna hiyo havikufua dafu. Pampu hii si ya saratani. Ni yetu sote, iko kwenye utumbo, ini, figo na kwenye mishipa ya ubongo ikizuia sumu. Ukiiziba, unamfungulia mlango mgonjwa mwenyewe. Ushindi wa chupani huniogopesha tangu siku hiyo.

Kwa hiyo kwa miaka mingi nilifundisha kwamba seli hazizoei, huchujwa. Nilisema kwa kiburi kidogo. Kisha mwaka 2010 kundi la Jeffrey Settleman, Boston, lilitangaza kwamba katika seli za saratani ya mapafu zipo chache zinazonusurika bila badiliko lolote jipya la jeni. Hujikunyata, hupunguza kugawanyika, zikingoja dawa ipite. Ukiiondoa dawa na kuziacha zizaliane, watoto wake hufa tena kwa dawa ileile. Si hitilafu ya kurithi hiyo. Ni hali ya kupita, ambayo kwa Kiswahili sijapata neno linaloikaribia kuliko lile la mama wa korido.