Bastola "Iliyofungwa" Nayo Hufyatuka

Leo tunazungumzia neno moja linalowatuliza watu moyo bila sababu. Neno lenyewe ni "imefungwa."

Huenda ukalisikia usiku. Mtu unayemfahamu anabisha hodi akiwa na kifurushi. Anakuambia, "Mama, niwekee hii siku mbili tatu. Ni bastola, lakini usiogope, nimeifunga." Maana yake ameweka kizuizi cha usalama, kile kidude kidogo kilicho ubavuni mwa bastola, ambacho wengine hukiita sefti. Je, kidude hicho kinatosha kukufanya ulaze watoto nyumba moja na bastola?

Hakitoshi, msikilizaji. Tuone kwa nini.

Ndani ya bastola kuna pini inayogonga kitako cha risasi. Risasi ikigongwa, imetoka. Kizuizi cha usalama ni kipande cha chuma kinachozuia kifyatulio, yaani pale panapovutwa kwa kidole, au kinachozuia nyundo isiifikie pini. Hakitoi risasi ndani ya bastola. Risasi bado imo, inangoja. Na chuma huchakaa, hushika kutu, huingia mchanga. Bastola inayopita kwa siri mkono hadi mkono huenda ilifukiwa ardhini, au ilifunguliwa na mtu asiye fundi. Kwa kuitazama tu huwezi kujua kama kizuizi chake bado kinashika.

Tena bastola hazifanani. Bastola ya Makarov hufungwa kwa kupandisha kidude juu. Beretta 92 hufungwa kwa kukishusha chini. Aliyezoea moja akishika nyingine, anaweza kuifungua akidhani anaifunga. Na ile Tokarev ya Urusi ya zamani, iliyosambaa nchi nyingi, ilitengenezwa bila kidude hicho kabisa. Nyundo yake ina pengo dogo tu la kuishikilia nusu njia, na pengo hilo likilika, bastola ikianguka inaweza kufyatuka. Kwa hiyo anayekuambia "imefungwa" huenda mwenyewe hajui anachosema.

Hata watengenezaji wakubwa hawakuwahi kulimaliza tatizo hili. Bastola ya Colt ya mwaka 1873 ilikuwa na nafasi za risasi 6, lakini waliokuwa waangalifu waliweka 5 tu, nyundo ikae juu ya nafasi tupu, kwa sababu pigo moja juu ya nyundo lilitosha kuifyatua. Utasema hayo ni ya kale. Haya, mwaka 2017 kampuni ya SIG Sauer ilitangaza kubadilisha vipuri vya bastola yake ya P320 bila malipo, baada ya majaribio kuonyesha kwamba ikianguka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka bila kuguswa na kidole. Hiyo ilikuwa bastola mpya, kutoka kiwandani. Sembuse iliyovuka mipaka ndani ya gunia?

Kuna na kosa la magazini. Mtu huichomoa magazini, akasema, "Tazama, sasa haina kitu." Lakini risasi moja inaweza kuwa imebaki juu, ndani ya chemba, na bastola nyingi zitaipiga risasi hiyo hata magazini ikiwa mezani.

Sasa tufike kwa watoto. Desemba 2014, katika mji wa Hayden, jimbo la Idaho, Marekani, mtoto wa miaka 2 alikuwa dukani na mama yake. Bastola ilikuwa ndani ya mkoba, kwenye mfuko maalumu uliotengenezwa kwa kuihifadhi. Mtoto aliifikia, ikafyatuka, mama akafa palepale. Mama huyo alikuwa na kibali cha kisheria cha kubeba silaha. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Wembe utamkata, atajifunza. Bastola haina somo la pili.

Basi ufanye nini?

Ukiombwa kuweka silaha, kataa, hata kama anayeomba ni shemeji yako. Kuwa na silaha bila kibali ni kosa la jinai katika nchi zinazotupokea, na ikikutwa kwako, utakayeulizwa ni wewe. Unaweza kumjibu hivi: "Nina watoto, siwezi." Inatosha.

Ukiiona silaha porini, mtoni au kando ya njia ya kuni, usiiguse. Usijaribu kuangalia kama imefungwa. Waondoe watoto, kumbuka mahali ilipo, kisha mwambie kiongozi wa kijiji chako, walinzi wa jamii au polisi wa kambi.

Kama tayari imo nyumbani, usiibebe mwenyewe kwenda kituoni. Watoe watu chumbani, uende kwa ofisa wa ulinzi wa wakimbizi unayemwamini, umweleze faraghani, na muulize namna ya kuikabidhi. Najua wengi mnaogopa kusema. Lakini anayejitokeza mwenyewe mapema hayuko sawa na aliyekutwa ameficha.

Na watoto wafundishwe maneno manne: simama, usiguse, ondoka, sema. Wayarudie leo kabla ya kulala, kama wanavyorudia hesabu za shule.

Msikilizaji, kizuizi cha bastola hakimjui aliyeishika, wala hakijui kwamba pembeni amelala mtoto. Wewe unajua. Tahadhari kabla ya hatari.